Ombi la Kumfukuza Kazi Binti Yangu wa Simu

Jumatano

Kwa Meneja Mkuu,
Kituo cha Kupokea Simu za Ng'ambo,
Ghorofa ya Tatu, Juu ya Duka la Magodoro.

Ndugu Meneja,

YAH: KUMWACHISHA KAZI MFANYAKAZI WAKO HODARI, AMBAYE NI BINTI YANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umekaa, maana yaliyomo yanataka mtu aliyekaa. Mimi ni fundi cherehani, mjane, mama wa watoto wawili wakubwa, na kwa miaka tisa nilikuwa katibu wa kamati ya wazazi katika shule ya msingi ya mtaa huu. La ukatibu nalitaja ili ujue kwamba barua rasmi nazijua na sikuja kwako kupiga porojo. Hatujawahi kuonana, ingawa ofisi yako iko mitaa mitatu tu kutoka kwangu, na siku zisizo na upepo kiyoyozi chenu nakisikia kinavyokoroma.

Binti yangu ni yule wa meza ya kumi na saba, karibu na dirisha lisilofunguka. Kwako mmempa jina la kigeni la kujitambulishia kwa wateja, jina ambalo mimi nikilitamka meno yanagongana. Hapa nyumbani tunamwita Ndimu. Jina hilo alipewa na mtaa, si mimi, kwa sababu tangu aanze kusema ulimi wake ulikuwa unawasha kama ndimu kwenye kidonda. Alipokuwa na miaka sita alimwambia mwalimu mkuu, mbele ya wazazi wote, kwamba zipu yake iko wazi na hotuba ni ndefu. Yote mawili yalikuwa kweli. Niliona haya nikainamia mkoba wangu, lakini moyoni nilisema huyu mtoto hataonewa na mtu duniani. Baba yake alipofariki, wazo hilo ndilo lililonipa usingizi.

Mtoto huyo nilikukabidhi miaka miwili iliyopita, akiwa mzima na ukali wake wote. Alikaa wiki nne katika chumba chenu cha mafunzo, akarudi na kijitabu chenye jalada la buluu, na tangu siku hiyo naishi na mtu mpole. Naomba nieleze madhara kwa namba, kama inavyotakiwa.

1. Kuomba radhi.

Nimeelezwa kwamba kwenu mfanyakazi huomba radhi kwanza, ndipo akauliza kosa ni nini. Mtu wa ng'ambo ametia zulia zima ndani ya mashine ya kufulia, mashine imekataa, na hakuna wa kulaumiwa ila yeye na zulia lake. Ndimu huanza: "Pole sana kwa usumbufu huu, naelewa jinsi inavyokera." Sawa, hiyo ni kazi, na kazi haina aibu. Lakini ameileta nyumbani. Wiki iliyopita alijigonga kwenye mlango wa jiko, akauomba mlango radhi.

Mlango ningeuvumilia. Lisilovumilika ni la jirani. Mimi na jirani yangu, muuza mkaa, tuna ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo uliotimiza miaka kumi na moja. Yeye husema kamba imefungwa kwenye nguzo yake, mimi husema nguzo imesimama kwenye uwanja wangu. Ni ugomvi safi, hauna matusi makubwa, na umetulea sote wawili. Asubuhi nikimsikia anakohoa kwa dharau najua ameamka salama, na siku nikichelewa kumsema hutuma mtu aulize kama naumwa. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Basi Jumamosi moja Ndimu akatoka nje akiwa na kikombe chake cha chai, akamsikiliza jirani mpaka mwisho bila kumkatiza, akamwambia, "Hata mimi ningekuwa wewe ningekasirika vivyo hivyo," akamwomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima, kisha akamuuliza angependa lifanyike nini. Jirani alishikwa na butwaa. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Akasema, "Aa, basi mwanangu, yameisha."

Dakika tatu, Ndugu Meneja! Nilikuwa dirishani, nimezihesabu. Sasa mimi na jirani tunaulizana hali tu, hujambo, sijambo, kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Naomba kujua ofisi yako ina utaratibu gani wa kumrudishia mtu ugomvi wake.

2. Kurudia maneno.

Nikisema, "Chumvi imekwisha," binti yangu hujibu, "Kama nimekuelewa vizuri, mama, unasema kwamba chumvi imekwisha." Ndiyo, ndicho nilichosema. "Asante kwa kuthibitisha." Wakati huo mchuzi unachemka na chumvi bado iko dukani.

Hapa niongeze habari ya tabasamu. Nasikia kila meza yenu ina kioo kidogo, na juu yake mmebandika maneno TABASAMU HUSIKIKA, ili mfanyakazi ajitazame meno anapozungumza na mteja. Binti yangu sasa hutabasamu kwenye simu zote. Alitabasamu alipompigia mwalimu wake wa zamani kumpa pole ya kufiwa. Nilipomkanya alisema mwalimu hawezi kumwona. Nikamwambia kama tabasamu husikika, basi mwalimu amelisikia.

3. Kusubirishwa.

Nikimwita akiwa chumbani haitiki "abee" kama nilivyomlea. Husema, "Tafadhali subiri kidogo wakati nashughulikia ombi lako," kisha huimba kwa pua ule muziki wenu wa kusubirishia watu. Muziki wenyewe hauna mwanzo wala mwisho. Kaka yake, ambaye ni mpaka rangi wa nyumba, ameudaka, anauimba akiwa juu ya ngazi, na mwenye nyumba mmoja amemwomba aseme wazi kama ameingia dini nyingine. Hata mimi nilijikuta nakanyaga cherehani kwa mapigo ya wimbo huo, nikashona mikono miwili ya gauni upande mmoja. Mwenye gauni alikuja kulichukua siku hiyo hiyo.

4. Namba za malalamiko.

Kaka yangu mkubwa, mjomba wake Ndimu, huja kwangu kila Jumapili kulalamika kwamba vitu vya marehemu baba yetu vilipogawanywa, mimi nilichukua saa ya ukutani isivyo haki. Amekuja na lalamiko hilo tangu Ndimu hajazaliwa. Huja, hulalamika, hunywa chai, huitazama saa kwa uchungu, huondoka ameridhika. Ndiyo mapenzi yetu, na sikuwahi kumwomba mtu ayatengeneze.

Ndimu akamchukulia maelezo. Akamwandikia kwenye kipande cha karatasi namba ya lalamiko, sifuri sifuri nne saba, akamwambia, "Lalamiko lako limepokelewa, mjomba, na litashughulikiwa na idara husika ndani ya saa sabini na mbili." Idara husika, Ndugu Meneja, ni mimi. Siku ya tatu kaka yangu alifika karatasi mkononi, hata kukaa hakukaa, akaisoma namba yake kwa sauti. Nikamwambia idara bado haijakutana. Akataka kuonana na msimamizi wa idara. Ndimu akasema hiyo ni haki yake, na akampeleka ngazi ya juu.

Ngazi ya juu ni shangazi yetu, ana miaka themanini na minane. Alisikiliza pande zote mbili kwa sikio lake lililobaki, akakumbuka kwamba saa ile ilikuwa yake yeye, kwamba alimwazima baba yetu tu, akaagiza iletwe. Ukutani kwangu sasa pana duara jeupe. Kaka yangu haji tena Jumapili kwa sababu hana la kuja kusema. Nilipokutana naye sokoni alisema huduma ilikuwa nzuri sana.

5. Hili nimelifuta. Nilipolisoma tena niliona kosa lilikuwa langu.

6. Mchumba.

Kuna fundi majokofu, mtu wa heshima, mikono yake safi ajabu kwa kazi anayoifanya. Alikuja na dada yake, amevaa shati lenye mikunjo ya kiwandani, kumwambia Ndimu kwamba anampenda na angependa wafunge ndoa. Alikuwa amejiandaa kwa ndiyo na amejiandaa kwa hapana, nilimwona usoni. Hakuwa amejiandaa kwa alichopata. Binti yangu alimwambia, "Asante kwa kutuchagua. Ombi lako ni muhimu sana kwetu."

Dada mtu akapiga kigelegele. Ndimu akaendelea, kwa sauti ile tamu, kwamba kwa sasa kuna maombi mengi kuliko kawaida na anaombwa aendelee kusubiri. Hiyo ni wiki ya tano sasa. Kila Ijumaa fundi hupita, huuliza, hupewa jibu lile lile, hushukuru. Nilimvuta Ndimu pembeni nikamuuliza, unamtaka au humtaka? Akasema kwamba kazini haruhusiwi kumwambia mteja "hapana" wala "sijui", na siku hizi maneno hayo hayamjii haraka. Alicheka aliposema hivyo. Mimi sikucheka.

Ndimu wa zamani angesema, "Kaka, hapana." Au angesema, "Kaka, ndiyo, ila mwambie dada yako apunguze kelele." Mtu angejua pa kwenda. Nimemuuliza huyo fundi kwa nini hachoki, akaniambia, "Mama, si wamesema wananijali?" Wamesema nani? Nyumba hii ina wanawake wawili na mmoja wao ni mimi.

7. Bibi wa Jumanne.

Hili ndilo lenyewe. Hayo sita, yaani matano, yalikuwa ya kupasha mkono joto.

Ng'ambo kuna bibi mzee ambaye hukupigieni simu kila Jumanne. Mashine yake ya kufulia ni nzima, haijawahi kuharibika hata siku moja. Anaishi peke yake, na katika namba zote alizoandikiwa kwenye karatasi zake, hiyo ya mashine ndiyo pekee inayopokelewa na mtu. Humwomba Ndimu kwa lile jina lenu. Akipewa mfanyakazi mwingine hukata akapiga upya. Kanuni yako inasema simu moja isizidi dakika sita, na Bibi wa Jumanne hupewa ishirini. Ndimu analijua goti lake la kulia linavyomsumbua baridi ikija. Anajua mwanawe anaishi mji gani na kwa nini hamtembelei. Anajua paka wake amesusa chakula cha kopo. Jioni hutusimulia mezani na uso unang'aa, "Mama, leo bibi ametembea mpaka kwenye sanduku la barua bila fimbo!" Kwa ajili ya huyo bibi umemwandikia barua mbili za onyo, moja mwezi wa tatu na nyingine mwezi wa sita. Alizisoma, akazikunja, na Jumanne iliyofuata akampa ishirini na mbili.

Mimi sina ugomvi na bibi huyo. Goti lake lipone. Lakini niruhusu niulize kama mwenyeji. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mbona hapa mgeni anapona na mwenyeji anaugua?

Tangu mwaka jana macho yangu yameingia ukungu. Uzi sioni unapoishia. Tundu la sindano nalitafuta kwa ncha ya ulimi, na siku nyingine nusu saa inapita kabla sijapiga mshono wa kwanza. Nguo nyeusi nimeacha kuzipokea, nawaambia wateja kwamba nyeusi imepitwa na wakati. Sijamwambia mtu yeyote. Fundi cherehani asiyeona ni mwanamke anayemiliki meza ya chuma tu, na ninaogopa, Ndugu Meneja, naogopa kweli.

Nimejaribu kumwambia Ndimu. Nimejaribu mara tatu. Nasema, "Mwanangu, kuna jambo," naye amerudi amechoka kusikiliza watu sitini kwa siku moja, masikio yana alama nyekundu za zile hedifoni, anafumba macho na kusema, "Naelewa jinsi unavyojisikia, mama." Anaelewaje na mimi sijasema? Hapo nafunga mdomo, namwagiza chumvi. Chumvi humu ndani sasa tunayo ya miaka miwili. Inaniuma, naandika hivyo waziwazi bila mapambo. Masikio ya mwanangu umeyachukua yote ukawapa watu wa mbali, mimi ukanirudishia mdomo.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo:

(a) Umfukuze kazi. Kwa mujibu wa kijitabu cha buluu, ukurasa wa kumi na mbili, barua ya tatu ndiyo ya mwisho, naye anazo mbili. Amebakiza kosa moja dogo. Sikufundishi kazi yako, lakini kwa mwenendo wake wa Jumanne hutasubiri sana.

(b) Kabla ya kuniletea, arudishwe katika chumba kile kile cha mafunzo kwa wiki nne nyingine, afundishwe ukali upya. Mkufunzi naweza kupendekeza. Yuko mama mmoja katika ofisi ya vitambulisho, dirisha la pili, ambaye hajamwomba mtu radhi tangu aajiriwe. Akikuambia "njoo kesho" unajua umeambiwa.

(c) Jirani yangu apelekewe barua yenye muhuri wa kampuni, kumjulisha kwamba radhi aliyoombwa ilitolewa kimakosa na haitambuliki.

(d) Fundi majokofu aambiwe yuko wa ngapi kwenye foleni, na kama hao wengine wapo, nami niambiwe ni akina nani.

(e) Ikiwa yote hayo hayawezekani, basi nyumba yangu itangazwe kuwa ng'ambo. Ombi hili nimelipima kwa makini, usilicheke. Kinachomfanya mtu asikilizwe na binti yangu si damu, si umri, wala si miezi tisa niliyombeba. Ni umbali. Kwa hiyo chumba changu cha kushonea, na jiko, na uwanja mpaka kwenye ile nguzo, visajiliwe kuwa nchi ya nje. Nipewe namba ya mteja. Nipewe na mashine ya kufulia, hata iliyokufa, na ikiwa imekufa itakuwa bora zaidi. Nitapiga Jumatano, siku ambayo bibi haitumii. Nitajitahidi nisizidishe dakika sita, na mwishoni nikiulizwa nimeridhika kwa kiasi gani, nitajibu kwa haki.

Sina zaidi, ila nisiondoke bila kusalimia watu. Nisalimie supavaiza anayewasikiliza wafanyakazi kwa siri, mwambie siri hiyo mtaani tunaijua. Nisalimie yule dada wa meza ya kumi na nane ambaye humpa mwanangu nusu ya maandazi yake. Salamu kwa mlinzi wa mlangoni, na kwa mfagizi, na kwa mwenye duka la magodoro hapo chini, ambaye nasikia hulazimika kuvumilia viti vyenu vya magurudumu vikikimbia juu ya kichwa chake mchana kutwa. Bibi wa Jumanne akipiga, naye apewe salamu zangu, maana kosa si lake.

Nikitarajia barua yako ya kumfukuza kwa furaha na heshima,

Mimi mlalamikaji,
Mama Ndimu
Fundi Cherehani

NYONGEZA BAADA YA SAINI, JUMAMOSI

Barua hii niliifunga kwenye bahasha Jumatano. Alhamisi, nikiwa tayari nimevaa viatu vya kuileta, nikaona haina ushahidi, na katibu hapeleki lalamiko bila ushahidi. Nikavua viatu. Namba yenu ya wateja imeandikwa nyuma ya kijitabu cha buluu, kwa tarakimu kubwa, Mungu awabariki. Nikapiga. Simu ikavuka bahari, ikazunguka huko inakozunguka, ikarudi kuingia mitaa mitatu kutoka nilipokaa.

Nilikuwa nimekariri sentensi mbili za kigeni. Ya kwanza ilikuwa kumwomba Ndimu kwa lile jina lake, na nilipewa. Ya pili ilikuwa kwamba mashine yangu haizunguki. Akaniuliza ni mashine ya aina gani, na mimi maneno yakawa yamekwisha. Nikanyamaza. Nikawa najisikia tu ninavyopumua kwenye simu. Najua kanuni yenu, kimya kikipita sekunde kumi mfanyakazi akate. Hakukata. Akaacha kile kigeni chenu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nakusikia. Niambie kimeharibika nini."

Nikamwambia ni macho.

Hakusema kwamba anaelewa. Aliniuliza yalianza lini. Aliniuliza jicho lipi lilitangulia, na kama ukungu huzidi asubuhi au jioni, na kila nilichomjibu alikirudia apate hakika, nami kwa mara ya kwanza sikuona kero, niliona nimesikiwa. Nililia kidogo, hizo zihesabiwe kuwa dakika mbili. Alinisubirisha mara moja tu, akamuuliza dada wa meza ya kumi na nane, ambaye mama yake aliondolewa mtoto wa jicho mwaka jana na sasa anaona mpaka mchwa, akarudi na jina la kliniki na siku yao ya kupokea watu wapya. Ni Jumatatu hii, saa tatu asubuhi.

Nilikuwa nimeamua kuichana barua. Jana jioni Ndimu akarudi na barua yako ya tatu. Imeandikwa kwamba Alhamisi, saa nane mchana, alikaa dakika arobaini na moja na mteja asiye na namba ya mteja wala mashine inayojulikana, tena kwa lugha ya nyumbani, ambayo ni marufuku kwenye laini. Anatakiwa Jumatatu saa tatu aje ajieleze, la sivyo akabidhi kitambulisho chake kwa mlinzi.

Ndugu Meneja, mteja huyo ni mimi. Ndiyo maana sikuichana. Tarehe ya Jumatano iliyo juu, na namba saba, ndio ushahidi kwamba mteja yupo, kwamba kilichoharibika kilikuwa kimeharibika kweli, na kwamba kimeshughulikiwa kwa simu moja. Nimemwambia Ndimu aje kwako Jumatatu ajitetee, kliniki nitakwenda na kaka yake. Akasema, "Siendi kujieleza popote. Kliniki kwanza." Nikamwambia atapoteza kazi. Akaniambia niache ubishi, nivae kitu chenye mikono mipana kwa sababu watanipima na presha.

Kwa hiyo maombi yote, kuanzia (a) hadi (e), nayaondoa. Jirani abaki na radhi yake. La fundi majokofu Ndimu atalimaliza mwenyewe, nimelisema kwa ukali na amenijibu kwa ukali. Kama kanuni inadai lazima mtu mmoja aondolewe, basi niondoe mimi kwenye wateja, nami sitakata rufaa.

Umeona kwamba mwandiko wa nyongeza hii ni mwingine. Mimi nasema, Ndimu anaandika, kwa kuwa wangu umeanza kupanda juu ya mistari. Ili aandike ilibidi asome yote yaliyotangulia. Alisoma amesimama. Alipofika namba saba alikaa kitandani kwangu, akasema, "Mama, ungeniambia," nami nikasema nimekuambia, Alhamisi.

Nimemtaka amalizie kwa kuandika kwamba yeye ni mfanyakazi mwema. Amekataa, anasema hawezi kujisifu kwa mkono wake mwenyewe. Basi nimemnyang'anya kalamu, na mstari huu wa mwisho ni wangu, niwie radhi kama umepinda: usimfukuze mwanangu.